Dondoo la Karela na Uundwaji wa Seli za Mafuta

Karela, tunda chungu linalojulikana sana Pwani, husifiwa kwa kushusha sukari na, siku hizi, kwa "kuyeyusha mafuta". Wanaoitetea sifa hii ya pili hutaja utafiti wa maabara, hivyo yafaa mhudumu wa afya aelewe kilichoonekana huko.

Mafuta ya mwili huongezeka kwa njia mbili: seli zilizopo huvimba, au seli changa hukomaa na kuwa seli mpya za mafuta. Ili kuchunguza njia ya pili, watafiti wengi hutumia seli za panya ziitwazo 3T3-L1, zilizopatikana Marekani miaka ya 1970 katika maabara ya Howard Green. Seli hizo hutiwa insulini, deksamethasoni na kemikali nyingine. Protini iitwayo PPAR-gama huamsha jeni za ukomavu, na baada ya siku kumi hivi seli hujaa matone ya mafuta, ambayo hutiwa rangi nyekundu ili yaonekane. Wekundu ukipungua baada ya kuongezwa dondoo la mmea, husemwa kuwa dondoo hilo limezuia ukomavu. Maji ya karela yalifanya hivyo hata katika seli za binadamu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010.

Lakini seli iliyodhurika kwa sumu nayo haijazi mafuta, na juisi inayonywewa hupitia tumbo na ini kabla ya kufika popote.

Kuna swali zito zaidi: je, kuzuia seli mpya ni jambo jema? Pioglitazoni, dawa ya kisukari, huamsha PPAR-gama hiyohiyo. Mgonjwa huweza kunenepa, ilhali sukari yake hushuka. Kinyume chake, watu waliozaliwa karibu bila tishu ya mafuta hupata kisukari kikali, kwa kuwa mafuta yaliyokosa ghala huhamia kwenye ini na misuli. Tena, utafiti wa Sweden wa mwaka 2008 ulionesha kwamba idadi ya seli za mafuta kwa mtu mzima haibadiliki sana, hata baada ya kupungua uzito, ingawa takribani asilimia 10 hubadilishwa kila mwaka. Anayepungua uzito, basi, hupunguza ukubwa wa seli zake.

Karela kama mboga ya kawaida haina neno kwa watu wengi. Hatari ipo kwa mgonjwa anayetumia glibenklamaidi au insulini na kunywa juisi yake kila asubuhi: sukari yaweza kushuka mno, akatetemeka, akatoka jasho na kuchanganyikiwa. Mjamzito asiitumie kama dawa. Mhudumu aulize kuhusu dawa za asili katika kila hudhurio, na aulize kwa upole, maana mgonjwa aliyewahi kukaripiwa huendelea kunywa na hasemi.