Mboga ghorofani Sakina: Ndoo tano na jua la asubuhi vinatosha kuanza

Barabara ya njia nne yenye urefu wa kilomita 14.1 inaunganisha Sakina na Tengeru. Upande wa Sakina kuna nyumba za kupanga, ghorofa zinazoongezeka na wapangaji wasio na hata hatua mbili za uwanja. Upande wa Tengeru kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuchunguza mboga: taasisi ya utafiti wa kilimo TARI Tengeru na, jirani yake eneo la Duluti, kituo cha Afrika cha World Vegetable Center kilichopo Arusha tangu mwaka 1992.

Katikati ya pande hizo mbili kuna swali ambalo wapangaji wengi wa Sakina wanajiuliza: je, mtu anayeishi ghorofa ya pili, mwenye baraza dogo la kuanikia nguo, anaweza kuvuna mboga yake mwenyewe?

Jibu ni ndiyo, ila kwa mipaka yake. Baraza halitalisha familia mwaka mzima. Linaweza kutoa majani ya kuungia mara mbili tatu kwa wiki, giligilani ya kachumbari na mchaichai wa chai. Faida nyingine ni kwamba mwenye nyumba anajua mboga ilimwagiliwa maji gani na ilipigwa dawa lini. Fungu la sokoni haliwezi kumwambia mnunuzi mambo hayo mawili.

Si jambo geni

Kulima mjini hakukuanza na mitandao ya kijamii. Mwaka 1974 na 1975, chakula kilipopungua nchini, serikali ilihimiza watu walime kwa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na wafanyakazi wa mijini nao wakashika majembe. Mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi Kenya, familia nyingi za Kibera jijini Nairobi zilianza kupanda sukuma wiki na spinachi kwenye magunia yaliyosimamishwa mlangoni, kwa msaada wa shirika la Solidarités International. Pale hapakuwa na shamba kabisa. Gunia ndilo likawa shamba.

Kisheria, Kanuni za Kilimo cha Mijini za mwaka 1992 hapa Tanzania ziliweka ukomo wa ekari 3 kwa mtu mmoja. Ndoo tano za barazani ziko mbali sana na hapo. Kwa mpangaji, kinachobana zaidi ni mkataba wa nyumba. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuongea na mwenye nyumba kabla ya kupandisha udongo ngazini.

Jua kwanza, mbegu baadaye

Wengi hukosea hapa. Wananunua mbegu, kisha ndiyo wanatafuta pa kuweka ndoo. Mboga za majani zinahitaji jua la moja kwa moja kama saa nne hadi sita kwa siku. Nyanya na pilipili zinataka zaidi, saa sita hadi nane.

Arusha iko nyuzi kama tatu na nusu kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi hupita upande wa kusini. Baraza linaloangalia kusini linaweza kuwaka jua mwezi Desemba, halafu Juni likawa kivuli mchana kutwa. Mwenye baraza hilo asishangae mboga zilizomkubali mwaka mpya zikianza kurefuka na kulegea wakati wa baridi.

Baraza la mashariki ndilo lenye unafuu, kwani linapata jua la asubuhi mwaka mzima. Kwa mtu wa Sakina, Mlima Meru uko upande wa kaskazini mashariki, hivyo baraza linalotazama mlima liko mahali pazuri. Tatizo ni asubuhi za Juni na Julai, ambapo mawingu hukaa hadi karibu na mchana. Miezi hiyo mboga hukua taratibu, ni kawaida.

Kipimo ni rahisi: chaki. Mtu anachora mstari wa mwanga sakafuni saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Siku mbili tu zinatosha kuonyesha ndoo zikae wapi.

Uzito: jambo lisiloonekana

Udongo mkavu unadanganya. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa inaweza kufika kilo 30. Ndoo kumi ni kilo 300, sawa na watu wazima wanne au watano waliosimama barazani usiku na mchana bila kuondoka. Gunia kubwa lililojaa na kumwagiliwa linapita kilo 100, na mahali pake ni uwanjani.

Kwa ghorofani, ndoo tano ni mwanzo mzuri. Zipangwe kando ya ukuta wa nyumba, si kwenye ukingo wa nje, kwa sababu huko nje ndiko baraza lina nguvu kidogo. Pia ndoo iliyowekwa juu ya ukuta wa baraza ni hatari kwa mtu anayepita chini. Baraza lenye nyufa lisiwekewe kitu mpaka fundi aliangalie.

Vyombo na udongo

Ndoo za rangi zilizooshwa vizuri zinafaa. Dumu la mafuta ya kula la lita 20 likikatwa ubavuni na kulazwa linatoa nafasi nzuri ya mchicha na giligilani, maana mizizi yake haihitaji kina kirefu. Sentimita 15 hadi 20 zinatosha. Nyanya inataka ndoo nzima peke yake.

Kila chombo kitobolewe matundu kadhaa chini, ukubwa wa kidole kidogo. Bila matundu, maji yanatuama na mizizi inaoza. Chini ya chombo kiwekwe sahani au beseni la zamani. Hapo ndipo amani na jirani wa chini ilipo: maji yenye samadi yakidondokea nguo zake alizoanika, bustani itaisha kwa ugomvi.

Udongo wa eneo la Mlima Meru unatokana na volkano na una rutuba, ila ukiwekwa peke yake kwenye ndoo hushikamana ukawa kama tofali. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu tatu za udongo wa juu, sehemu mbili za samadi iliyooza na sehemu moja ya mchanga au pumba za mpunga. Samadi ikiwa bado ina harufu kali au inatoa joto, haijaiva, na itaunguza miche. Ya kuku ni kali zaidi, ikae miezi kadhaa kwanza na itumike kidogo.

Nini kipandwe, na kinavunwa lini

Mchicha ndio wa kuanza nao. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo zichanganywe na mchanga kidogo, zimwagwe kwenye mistari na kufunikwa kwa udongo mwembamba. Wiki tatu hadi nne baadaye kuna mboga. Unapenda joto, kwa hiyo wakati wa baridi utachelewa.

Sukuma wiki na spinachi zinastahimili baridi ya Arusha vizuri. Zinachumwa majani ya chini, ya juu manne au matano yanabaki, na mmea unaendelea kutoa kwa miezi. Loshuu na mnafu, mboga ambazo watu wa Arusha hawahitaji kutambulishwa, nazo zinakubali kwenye ndoo.

Giligilani hupenda ubaridi. Mbegu yake ya mviringo ipasuliwe vipande viwili kwa kuibonyeza taratibu, kisha iloekwe usiku mmoja. Huota ndani ya wiki moja hadi mbili. Ni vizuri kupanda kidogo kila baada ya wiki tatu, ili isije yote kwa pamoja na kuisha kwa pamoja.

Viungo vingine havihitaji hata kununua mbegu. Shina la mchaichai la sokoni likiwekwa kwenye glasi ya maji hutoa mizizi. Vitunguu majani vikikatwa na kuachwa na mizizi yake, vikipandwa vinachipua upya. Nanaa inapandikizwa kwa kijiti, ila ikae kwenye chombo chake peke yake, kwani inatambaa na kumeza wenzake. Rozmari nayo hutoka kwenye kijiti. Inataka jua na haipendi maji mengi.

Nyanya ndiyo mtihani. Aina za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997, ni matunda ya utafiti uliofanyika Tengeru, na Tanya, kwa kuwa ni fupi, inafaa zaidi kwenye ndoo. Ila masika na miezi ya baridi huleta ugonjwa wa bakajani, na kuna mdudu kantangaze, aliyeripotiwa nchini mara ya kwanza mwaka 2014 huko Arumeru. Anayeanza aache nyanya mpaka ameshavuna majani mara moja au mbili.

Maji na wadudu

Ndoo hukauka haraka kuliko shamba. Kipimo ni kidole: kikizamishwa udongoni hadi kiungo cha pili na kutoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na unyevu, acha. Asubuhi ndiyo saa nzuri. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumike tena, yale ya sabuni ya kufulia hapana. Maji ya mvua ni bora, hasa ikikumbukwa kuwa visima vingi ukanda wa Mlima Meru vina floraidi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani.

Vidukari wakionekana chini ya majani, wasuguliwe kwa vidole au wapuliziwe maji yenye sabuni kidogo ya kipande, kisha majani yaoshwe vizuri kabla ya kupikwa. Kwenye ndoo tano, macho ya kila asubuhi yanafanya kazi kuliko dawa yoyote.

Hesabu ya mwezi wa kwanza

Kwa ndoo tano, mgawanyo unaweza kuwa hivi: mbili za sukuma au spinachi, moja ya mchicha, moja ya giligilani na vitunguu majani, moja ya mchaichai. Wiki ya nne mchicha unavunwa na mbegu nyingine zinamwagwa siku hiyo hiyo, baada ya kuongeza samadi kiganja kimoja au viwili. Sukuma iliyopandwa kwa miche itaanza kuchumwa karibu na mwezi wa pili.

Kitu kikifa, na kitakufa, sababu mara nyingi ni moja kati ya tatu: maji mengi, jua dogo au samadi mbichi. Hasara yake ni ndoo moja na mbegu kidogo. Udongo unamwagwa, unaanikwa, na unapandwa tena. Na siku ya kuhama, bustani nzima inapanda kwenye guta pamoja na godoro na makochi.