Malaria Maabarani (2): Masizi ya jiko la kimelea

Waliomeza klorokwini enzi zile hawajasahau mambo mawili: uchungu wake ulimini, na mwasho uliowafanya wengine wajikune hadi alfajiri. Tuliivumilia kwa kuwa ilitibu. Kisha ikaacha kutibu. Wiki iliyopita tuliishia pale vimelea vinapotoka kwenye ini na kuvamia chembe nyekundu za damu. Leo tuingie navyo humo ndani, maana sababu ya klorokwini kushindwa imo katika namna kimelea kinavyokula.

Plasmodium falciparum, kimelea kinacholeta malaria nyingi Afrika, huishi ndani ya chembe nyekundu kwa takriban saa 48. Chakula chake ni himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake, na hula zaidi ya nusu ya iliyomo. Huimeza kwa mafungu na kuipeleka kwenye kifuko chenye uchachu, ambacho ndicho tumbo lake. Humo vimeng'enya huikatakata na kuigeuza amino asidi, ambazo kimelea hujengea mwili wake.

Lakini mlo huo una sumu ndani yake. Kila molekuli ya himoglobini ina vipande vinne vya hemu, na kila kipande kina chuma katikati. Protini ikishaliwa, hemu hubaki huru na kuanza kuharibu utando wa seli. Mwili wa binadamu una kimeng'enya cha kuivunja hemu, kimelea hakina. Kwa hiyo huziunganisha hemu mbilimbili na kuzipanga ziwe fuwele za rangi ya kahawia iliyokoza, zisizoyeyuka wala kudhuru. Fuwele hizo ni hemozoini. Mimi huziita masizi ya jiko la kimelea.

Masizi hayo ndiyo yaliyomfichua mhalifu. Mwaka 1880 huko Constantine, Algeria, Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alikuwa akichunguza chembe hizo nyeusi katika damu ya wagonjwa alipoona viumbe hai vikitikisika. Mwaka 1897 huko Secunderabad, India, Ronald Ross alizikuta chembe za aina hiyohiyo kwenye ukuta wa tumbo la mbu, akatambua kwamba kimelea kimefika hapo.

Kuijua kemia ya masizi hayo kulihitaji kimelea kifugwe nje ya mwili wa mtu. Jambo hilo liliwezekana mwaka 1976, pale William Trager na James Jensen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipokikuza mfululizo katika chembe nyekundu za binadamu, kwa seramu, joto la mwili na hewa yenye oksijeni kidogo. Mojawapo ya mbinu zao za kupunguza oksijeni ilikuwa kuwasha mshumaa ndani ya chombo, kukifunika, na kuuacha uzimike wenyewe. Mshumaa huo ulifungulia maabara nyingi za vyuo vikuu mlango wa utafiti huu.

Sasa tunajua klorokwini ilivyofanya kazi. Hupenya tumboni mwa kimelea bila shida, lakini ikifika kwenye uchachu hupata chaji ya umeme, na molekuli yenye chaji haivuki utando kwa urahisi. Hunaswa kama samaki ndani ya dema. Ikilimbikizana, huishika hemu na kuizuia isigeuke masizi. Kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake chenyewe.

Mwaka 2000 watafiti walitambua njia iliyotumiwa na kimelea kujiokoa. Katika ukuta wa tumbo lile mna protini iitwayo PfCRT, mlolongo wa amino asidi 424. Katika vimelea sugu, ile ya 76 imebadilika kutoka lysini kuwa threonini. Lysini ina chaji chanya, hivyo huisukuma nyuma klorokwini yenye chaji kama yake. Threonini haina chaji. Badiliko hilo dogo liliipatia dawa mlango wa kutokea, ndipo Tanzania Bara ikaiacha klorokwini mwaka 2001 na kutumia dawa ya SP, kisha mwishoni mwa 2006 ikahamia dawa mseto, ALu.

Hata hivyo, mlango huo una gharama kwa kimelea. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993, na vimelea visivyo sugu vikarudi vikatawala. Mwaka 2006 iliripotiwa kutoka Blantyre kwamba dawa ileile ilikuwa ikitibu karibu watoto wote waliopewa.

ALu nayo inategemea jiko hilohilo. Artemetha iliyomo huamshwa na chuma cha hemu, kisha huunguza protini za kimelea kutoka ndani. Tangu mwaka 2020 zimetoka taarifa za vimelea vyenye mabadiliko katika jeni ya K13 nchini Rwanda, na baadaye Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Utafiti wa maabara umeonyesha kwamba vimelea vya namna hii, vikiwa vichanga, humeza himoglobini kidogo. Hemu ikipungua, dawa haiamshwi vya kutosha. Vimejifunza kufunga ili dawa ipite.

Hapa ndipo maabara inapokutana na meza yako ya chakula. Artemetha hupungua mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini, mwenzake, hukaa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyobaki, nayo hufyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta, hata maziwa. Kwa hiyo pima kwanza, kisha umeze dozi zote sita ukiwa umekula. Anayeiacha dozi ya nne kwa kuwa homa imeshuka huviachia uhai vimelea vile vilivyojua kufunga.

Wiki ijayo: kiungo kidogo ndani ya kimelea ambacho asili yake ni mwani.