Moto ukiwaka, tuwaambie wazimamoto nini?

Hapa Bukavu hakuna anayehitaji kuelezwa moto ni nini. Nyumba za mbao za Nyamugo, Nkafu na Panzi zimesongamana hata mabati yanagusana. Mbabula moja iliyoachwa na makala, au buji iliyosahauliwa karibu na chandarua, inaweza kuacha familia nyingi nje kwa usiku mmoja. Halafu inasikika lawama ileile: wazimamoto wamechelewa. Ni kweli magari ni machache na barabara ni mbaya. Lakini kuna dakika zinazopotea upande wetu, katika simu yenyewe, na hizo tunaweza kuziokoa.

Mtu anapiga simu, anapaza sauti: "Mukuye mbio, moto kwa mama mwenye kuuza fufu!" Kisha anakata. Jirani anamjua mama huyo. Dereva wa gari la kuzima moto hamjui, na kwenye avenyu zetu nyumba nyingi hazina hata namba.

Kwa hiyo neno la kwanza liwe mahali: komini, kartie, avenyu, halafu kitu ambacho kila mtu anakijua, kama shule, kanisa, soko au kituo cha afya. Sema pia gari linaweza kufika mpaka wapi. Hili ndilo tunalolisahau zaidi, maana njia zetu nyingi ni ngazi na vichochoro. Kwa mfano: "Moto wa nyumba, komini ya Kadutu, kartie Nyamugo, avenyu fulani, nyuma ya shule. Gari lisimame kwenye lango la shule, kijana mwenye kitambaa cheupe anawangoja." Na kijana huyo atumwe kweli, pale pale, wakati simu bado inaongea.

Baada ya mahali, sema kinachowaka, kama kuna mtu ndani, na kama kuna chupa ya gazi au bidoni za esansi karibu. Nyumba za wauza esansi tunazijua wote, tusione haya kuzitaja. Jibu maswali, na usikate kabla hawajakuambia. Na tafadhali, wazimamoto hawabipiwi! Kama simu yako haina yunite, mpe jirani ujumbe mzima, siyo neno "moto" peke yake.

Kupiga simu kunafuata kutoka nje. Kwanza watoto, wazee na wagonjwa watoke, na simu ipigwe ukiwa mbali na moshi. Godoro na masufuria vinangoja.

Usiku kuna jambo lingine. Tumezoea kupiga masufuria na filimbi wezi wakiingia. Mtu akisikia kelele hizo anaweza kufunga mlango vizuri zaidi, na moto uko ukutani kwake. Basi tuite kwa neno lenyewe: "Moto! Moto!"

Namba ya wazimamoto tuiulize kwenye ofisi ya kartie au ya komini, pamoja na namba ya shefu wa avenyu. Kwa kuwa namba hubadilika, mmoja wetu aende huko kila baada ya miezi michache kuhakikisha. Tuiandike kwa biki nyeusi karibu na mlango, na kwenye jalada la daftari la mtoto, maana simu yenyewe inaweza kuungua ndani. Darasani tumeona watoto wa mwaka wa pili wanaojua miji mikuu ya Afrika lakini hawajui jina la avenyu yao. Jioni hii muulize wako.

Kwenye mkutano wa chama, tujaribu: mama mmoja awe mpigaji, mwingine awe dereva asiyeijua kartie yetu. Tutacheka, lakini tutaona ni nani angefikisha gari.

Na majirani wakiuzima moto kabla gari halijafika, tupige tena tuseme. Gari lile linaweza kuitwa kwingine usiku uleule.