Kilo moja ya nyama: kiasi gani kinafika katika sufuria?

Kila mama anayepika Butembo ao Beni anajua hesabu hii. Asubuhi anapewa pesa ya mboga. Akifika sokoni anakuta nyama ya ngombe imepanda tena. Pesa iliyo mkononi inatosha nusu kilo, na nyumbani watu ni wanane. Basi anageukia lenga-lenga na sombe, nyama inangoja siku ya sikukuu. Kwa jamaa zinazoishi kwenye machimbo ya zahabu, Manguredjipa, Biakato na kwingine, hesabu ni kali kuliko hiyo, maana kule nyama inapanda juu ya pikipiki, na kila kizuizi cha njiani kinakula kitu.

Jamaa inaweza kuishi vizuri bila kula nyama kila siku. Maharagi, soya na ndakala vinajenga mwili. Lakini kuna watu wawili nyumbani ambao nyama kidogo inawafaa sana: mama mwenye mimba, na mtoto aliyeachishwa ziwa. Na hao wawili ndio mara nyingi wanaopata mchuzi tu. Baba anawekewa vipande, wakubwa wanagawana mifupa, mdogo anachovya bugali katika supu. Watu husema: "Supu ya mifupa ina nguvu." Ina ladha, ndiyo. Lakini nguvu ya nyama inabaki ndani ya nyama. Mtoto anayekunywa supu peke yake anaweza kupata bwaki katika nyumba ambamo nyama inapikwa kila juma. Vipande viwili vidogo, vimekatwa-katwa ao kusagwa ndani ya chakula chake, vinamfaa kuliko sahani nzima ya mchuzi.

Kwa hiyo swali letu si bei ya kilo peke yake. Tuulize: kwa pesa ile ile, nyama safi kiasi gani inafika katika sufuria, na kutoka pale katika sahani ya mdogo?

Sababu gani nyama ni ghali kwetu

Butembo ni mji wa milima, zaidi ya metre 1,700 juu ya bahari, na malisho ya Lubero hayako mbali. Beni iko chini zaidi, kwa joto, karibu na msitu na bonde la Semuliki, na huko mbungo haiwaachi ngombe wasitawi. Tangu zamani miji hii miwili imekula ngombe wa Lubero, wa Ituri, na wale wanaovuka Kasindi kutoka Uganda.

Njia zote tatu zimeumia. Vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003 vilimaliza makundi mengi ya ngombe, na mauaji yaliyoanza tena huko mwisho wa 2017 yaliwafukuza wafugaji mara nyingine. Upande wa Beni, mauaji ya tangu Oktoba 2014 yamefanya watu waogope mashamba na njia, hata ile ya Kasindi, ambayo ni kilometre kama 80 tu. Kusini, Kanyabayonga ilianguka Juni 2024 na barabara ya Goma ikawa taabu. Mchuuzi anayeleta ngombe mmoja mpaka kichinjioni amelipa njiani mara nyingi. Tusimlaumu muuza nyama kwa kila franka.

Mbele ya meza ya nyama

Ngombe wa kwetu mwenye kilo 250 akiwa hai, akichinjwa na kuchunwa, anabaki nyama na mifupa yenye uzito wa karibu nusu tu, tuseme kilo 125. Mbuzi wa kilo 25 anatoa kilo 11 ao 12. Nguruwe ndiye anayepoteza kidogo: karibu robo tatu ya uzito wake inaliwa. Ndiyo maana nyama yake mara nyingi inauzwa kwa bei ya chini.

Sasa angalia mifupa. Kama katika kilo yako moja mifupa imekamata sehemu ya tatu, nyama yenyewe ni gramu kama 670. Maana yake umelipa nyama ile mara moja na nusu ya bei uliyoambiwa. Kwa hiyo ukiona nyama tupu, bila mifupa, inauzwa chini ya mara moja na nusu ya bei ya ile yenye mifupa, nunua tupu. Ikipita hapo, chukua yenye mifupa. Hesabu hii inafanyika kwa kichwa, hata watu wakikusukuma nyuma.

Anayenunua kwa mafungu badala ya mizani ageuze fungu kabla ya kulipa. Kipande kizuri kinakaa juu. Muuzaji atanuna: "Mama, unageuza-geuza nini? Unanunua ao hununui?" Jibu kwa upole: "Ninanunua, baba, lakini watoto hawatafuni mafuta."

Matumbo, kichwa, miguu na maini wengine wanavidharau kama chakula cha wasio na kitu. Wanakosea. Maini yana damu nyingi kuliko paja. Kipande kidogo mara moja kwa juma kinamfaa sana mtoto aliyepauka macho na viganja. Lakini yaangalie vizuri: ukiyapasua ukaona mifereji migumu yenye vidudu bapa kama majani madogo, usiyachukue.

Kuna pia makala. Nyama ngumu ya bei ndogo inayochemka saa nne inaweza kula makala ya bei kuliko ile uliyookoa sokoni. Ikate vipande vidogo, ukikata kwa kukingama nyuzi zake. Ipakaze maji ya papai bichi, ngoja nusu saa. Papai linavunja ugumu. Kisha funika sufuria na weka moto wa polepole. Nusu kilo iliyokatwa hivyo, ikiingizwa ndani ya maharagi yaliyokwisha kuiva ao ndani ya karanga zilizosagwa, inawatosha watu wanane, na kila mmoja anaona kipande chake.

Nenda mapema, hasa Beni, kwa sababu ya joto. Nyama iliyochinjwa usiku na kukaa mezani mpaka saa nane mchana si ile ya asubuhi, hata kama bei imeshuka nusu. Tafuta muhuri wa muganga wa wanyama. Nyama ya nguruwe yenye punje nyeupe kama mchele ina mabuu ya tegu. Mpaka rangi nyekundu iishe kabisa ndani, nyama ya nguruwe yoyote haijaiva. Kamundele ya nguruwe ya haraka-haraka kando ya barabara, nje imeungua na ndani bado damu, tuwaachie wengine.

Samaki za barafu zinazofika kupitia Kasindi zinasaidia sana, lakini zimesafiri siku nyingi tangu bahari, na umeme wetu unajulikana. Samaki iliyoyeyuka ikagandishwa tena, nyama yake inalegea na macho yanazama. Bonyeza kwa kidole: shimo likibaki, iache.

Nyama ya bei ya ajabu

Bei ikishuka ghafula, uliza sababu. Nguruwe wakianza kuuzwa kwa bei ya kutupa mtaani, mara nyingi pesti ya nguruwe imeingia, na wenyewe wanakimbia hasara. Ugonjwa ule haushiki watu, lakini mifupa na maji ya nyama hiyo yakitupwa karibu na zizi lako, nguruwe wako wote watakwisha.

Ya pori ni hatari ya namna nyingine. Mwezi wa Aprili 2025, ndani ya hifadhi ya Virunga, upande wa mto Ishasha na Ziwa Edward, viboko wapatao 50 walikutwa wamekufa, na uchunguzi ulionyesha kimeta. Wakubwa wa hifadhi wakawaomba watu wasiguse nyama ya pori. Mnyama aliyekufa kwa kimeta anaweza kumwua anayemchuna, na anayemla pia. Hata bila ugonjwa, kiboko anayeuzwa kwa mafungu ni hasara yetu. Miaka ya 1970 ziwa lile na mito yake lilikuwa na viboko karibu 29,000. Kufikia 2005 hawakufika 1,000, kwa sababu ya bunduki. Mavi yao ndiyo yaliyolisha maji ambamo samaki wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanakua. Waliokula kiboko kwa bei ndogo wamelipia samaki ghali.

Na Ebola hatujaisahau. Ile iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 pale Mangina ilikwisha tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287, wengi wa Beni, Butembo, Katwa na Mabalako. Tuseme kweli: karibu wote waliipata kwa mtu mwingine, si katika sufuria. Lakini nyani ao popo aliyeokotwa amekufa ni mlango ambao hatuna haja ya kuufungua. Wale wa machimbo ya msituni wanaelewa, maana huko nyama hiyo ndiyo inapita mbele ya mlango kila jioni.

Nyama inayokua nyuma ya jiko

Kuku wengi wanawafuga tayari, na wengi wamewaona wanakufa wote kwa juma moja. Mara nyingi ugonjwa huo ni Newcastle. Chanjo yake ni tone moja katika jicho, na majirani wakichangia chupa moja, bei yake kwa kila kuku ni kidogo sana. Sungura naye anazaa kwa siku 31, lakini anataka kibanda kizuri na mkono mwangalifu.

Mimi ningeanza na simbiliki, wale wengi wanaowaita kobayi. Watu wengine wanawacheka: "Ile panya?" Si panya. Asili yake ni milima ya Peru na nchi za jirani, ambako wanakula nyama yake tangu maelfu ya miaka, hata kwenye karamu. Huko Kivu ya Kusini jamaa nyingi zilimpenda wakati wa vita kwa sababu moja rahisi: mwenye silaha anachukua ngombe na mbuzi, simbiliki hamwoni. Na siku ya kukimbia, mama anawabeba watano ndani ya kikapu.

Jike anabeba mimba siku kama 68, anazaa wawili ao watatu. Wanatoka na manyoya, macho wazi, na katika siku chache wanatafuna majani. Kwa miezi mitatu ao minne wanafaa kuliwa. Tufanye hesabu bila kujidanganya. Dume mmoja na majike watano: tuseme kila jike anazaa mara tatu kwa mwaka, na kila mara wanapona wawili. Ni 30. Weka sita wa kurithi wakubwa, wanabaki 24, maana yake wawili kwa mwezi. Mmoja mwenye gramu 700 anatoa nyama kama gramu 400. Ni kidogo. Lakini ni sahani mbili za nyama kwa mwezi bila kugusa pesa ya soko, na ukiwa na majike kumi, ni sahani moja kila juma. Mbuzi huwezi kumchinja kwa ajili ya mtoto mmoja anayetoka katika homa. Simbiliki unaweza, na hakuna kinacholala mpaka kesho kikaoza.

Chakula chake watoto wanakileta wakitoka masomoni: majani ya viazi vitamu, majani ya mahindi, nyasi, maganda ya ndizi. Anataka kitu kibichi kila siku, maana mwili wake, kama wetu, hautengenezi vitamini C. Nyasi zilizolowa umande zianikwe kwanza. Kwa wale wa Lubero, ambako viazi vya kizungu ni vingi: majani ya viazi hivyo yana sumu, msiwape.

Usiwaache watembee ovyo chini ya jiko. Huko panya wanakula wachanga, na madume wanazaa na dada zao mpaka ukoo unadhoofika. Sanduku la mbao ao la matete, kimo cha goti, mahali pakavu pasipo na upepo wa baridi, linatosha. Butembo weka nyasi kavu za kutosha chini. Usiku wa kule unawaua wadogo. Badilisha dume na jirani kila mwaka. Anayetaka kuanza asinunue wengi: majike wawili wachanga kutoka nyumba moja, na dume kutoka nyumba nyingine, mtaa mwingine ikiwezekana.