Jirani wa Kusini: Kutoka Sofala hadi Daraja la Umoja (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza iliishia mwaka 1505, Wareno walipoitwaa Kilwa na kujenga ngome Sofala. Hadi hapo dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishuka Sofala, ikapakiwa vyomboni na kutozwa ushuru Kilwa Kisiwani kabla ya kwenda ng'ambo. Ushahidi hautoki kwa msafiri Ibn Battuta peke yake, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Sarafu ya Sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, imefukuliwa Zimbabwe Kuu kwenyewe. Kilwa ilikuzwa na kusini. Leo pwani nzima ya Lindi, Kilwa ikiwemo, inaitazama Dar es Salaam, na Msumbiji, jirani wa kusini, inakumbukwa kwenye hotuba.

Udugu wenyewe hauna shaka. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Nachingwea, humu humu mkoani Lindi. Wamakonde wako kingo zote mbili za Mto Ruvuma, ulio mpakani. Mei 2010 Marais Kikwete na Guebuza walifungua Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720. Lakini ng'ambo ya pili, barabara ya kwenda Mueda ilibaki ya udongo kwa miaka mingi, na kanuni za biashara nazo zilibaki nyuma. Mchuuzi wa Namanga, mpakani na Kenya, ana cheti chepesi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha kuthibitisha bidhaa imetoka wapi, kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Msumbiji haimo katika Jumuiya hiyo, hivyo cheti hicho hakitumiki Mtambaswala. Kinachotuunganisha nayo kibiashara ni SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Kwa hiyo, naamini, kinachokosekana Ruvuma ni kanuni inayomfaa mwenye magunia matano.

Wapo watakaosema usalama kwanza, na wana haki: vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Oktoba 2020 vikavuka mto hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara. Hata hivyo, biashara ikifungiwa njia halali hupita vichochoroni usiku, na huko serikali haimjui anayepita wala alichobeba. Mchuuzi aliyesajiliwa anajulikana. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tunauza vitu vilevile: korosho na ufuta. Ni kweli, na pande zote mbili zimekuwa zikipeleka India korosho ghafi, zikishindana badala ya kubangua. Ila miradi ya gesi ya Palma, huko huko Cabo Delgado, inahitaji chakula, saruji na samaki. Mtwara kuna kiwanda cha saruji. Kilwa Masoko ujenzi wa bandari ya uvuvi ulizinduliwa mwaka 2023.

Si kila mkataba ni heri, na Kilwa inalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1776 mtawala wake alitia saini na Mfaransa Morice ahadi ya watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja. Waliokubaliana walipata faida. Waliolipa gharama hawakuwa na kauli. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya Dodoma na Maputo yawaweke mezani wavuvi, wabanguaji na wachuuzi wa Lindi, Mtwara na Cabo Delgado, na yaanze na jambo moja linalowezekana: cheti chepesi cha mzigo mdogo pale Mtambaswala, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Kireno.