Wimbo Uliovuka Mipaka
Ukitoka Iringa, ukapita Mbeya na kuvuka mpaka Tunduma, utawakuta Wazambia wakiimba wimbo wao wa taifa kwa mahadhi yaleyale ya Mungu Ibariki Afrika.

Aliyeutunga mwaka 1897 ni Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya Johannesburg. Uliporekodiwa kwenye santuri London mwaka 1923, alikuwa amekufa miaka 18 iliyopita. Hata kaburi lake lilisahaulika, likaja kuenziwa rasmi mwaka 1996.

Wewe unayefundisha kwaya ya mtaa bila kutajwa popote, usikate tamaa. Chembe ya ngano huzaa ikishazikwa (Yohana 12:24). Hesabu ya mavuno anayo Mungu. Jumapili njema.