Akili mnemba inaposoma daftari la takwimu za maji Rungwe

Na Mwandishi Wetu

VITUO 1,106 vya kuchotea maji vya Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, vimo katika takwimu ambazo kwa miaka kadhaa sasa zimekuwa zikichambuliwa na watu wa mataifa mbalimbali, wengi wao wakiwa hawajawahi kufika Tukuyu.

Takwimu hizo zilitokana na Wizara ya Maji na mradi wa Taarifa. Nyingi zilikusanywa kati ya mwaka 2011 na 2013, kisha zikatolewa kwa umma kupitia mashindano ya Pump it Up yanayoendeshwa na DrivenData. Sehemu yake kuu ina vituo 59,400 vya nchi nzima. Kati ya hivyo, 32,259 vilikuwa vikifanya kazi, 4,317 vilifanya kazi lakini vilihitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa vimekufa. Mshindani hutakiwa kutunga programu itakayobashiri hali ya kituo.

Kazi ya namna hiyo aghalabu hufanyika katika daftari la kompyuta. Lililoenea zaidi ni Jupyter, mradi uliozaliwa mwaka 2014 kutokana na IPython, programu iliyoanzishwa mwaka 2001 na mwanafizikia Fernando Pérez.

Daftari hilo hugawanywa katika visanduku. Kisanduku kimoja huweza kuwa na maelezo ya kawaida. Kingine huwa na amri za programu, na chini yake hutokea matokeo: jedwali, mchoro au ujumbe wa hitilafu. Vyote huhifadhiwa pamoja katika faili moja.

Sasa ameingia msomaji mpya. Wakala wa akili mnemba ni programu inayopewa lengo, kisha ikaamua yenyewe hatua za kulifikia. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza Model Context Protocol, utaratibu wa wazi wa kuunganisha programu za aina hiyo na zana nyingine. Baadaye watunzi wa programu walitengeneza zana zinazomwezesha wakala kuorodhesha visanduku vya Jupyter, kuvisoma, na katika baadhi ya zana hata kuvibadili na kuviendesha.

Zana ya namna hiyo haina budi kuwa na mwongozo wa matumizi. Watunzi wengi huona mwongozo kuwa kazi ya mwisho, ya kuandikwa kama muda ukibaki. Lakini kwa anayeitumia, mwongozo ndio unaomwambia wakala ameona nini na nini hakukiona. Bila kulijua hilo, hawezi kupima jibu analopewa.

Chukua mfano wa kimo cha vituo kutoka usawa wa bahari. Katika takwimu hizo, zaidi ya vituo 20,000 nchini vimeandikiwa kimo cha 0. Kwa kituo cha Rungwe, sifuri hiyo haiwezi kuwa kweli. Tukuyu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na hata Ziwa Nyasa, huko chini Kyela, liko takriban mita 475. Hapo sifuri ina maana kwamba kipimo hakikuchukuliwa.

Tuseme mchambuzi ameandika kisanduku cha kukokotoa wastani wa kimo, akakiendesha, na matokeo yakabaki chini yake. Baadaye akagundua kasoro, akaongeza juu yake kisanduku cha kuondoa sifuri, lakini hakurudia hesabu. Wakala anayesoma kutoka juu kwenda chini ataona sifuri zimeondolewa, kisha ataona wastani, na ataamini kuwa wastani huo ni safi. Kumbe ni wa zamani.

Jupyter huweka namba kando ya kila kisanduku cha amri kuonyesha mfuatano wa kuendeshwa. Kama zana haimpi wakala namba hizo, mwongozo sharti uliseme jambo hilo waziwazi.

Hatari hii si ya kufikirika. Mwaka 2019 watafiti Pimentel, Murta, Braganholo na Freire walichapisha uchunguzi wa madaftari zaidi ya milioni moja yaliyowekwa GitHub. Kati ya yale waliyoyaendesha upya, takriban asilimia 24 tu yalifika mwisho bila hitilafu, na takriban asilimia 4 tu yalitoa matokeo yaleyale.

Jambo la pili ni kiasi. Wakala ana kikomo cha maandishi anayoweza kuyashika kwa wakati mmoja, hivyo baadhi ya zana hukata matokeo marefu. Jedwali la vituo 1,106 likikatwa baada ya mistari michache, wakala ataisemea Rungwe nzima kwa kuona vijiji vichache. Mwongozo utaje kikomo hicho, na useme kama michoro husomwa au huachwa.

La tatu ni mamlaka. Kusoma si sawa na kuendesha. Kisanduku kimoja kikiendeshwa kinaweza kufuta faili. Aidha, maneno yaliyomo ndani ya takwimu yanaweza kumpotosha wakala akayachukua kama maagizo. Mwongozo mzuri hutenganisha zana za kusoma na zile za kuandika, na kueleza namna ya kuzizima hizi za pili.

La nne ni siri. Mtu anaweza kufuta majina katika amri zake lakini akasahau kuwa yamebaki katika matokeo yaliyohifadhiwa. Kwa takwimu za maji madhara huenda yakawa madogo. Kwa daftari la wagonjwa ni makubwa. Kama wakala anaendeshwa na seva iliyo nje ya nchi, yaliyosomwa husafiri hadi huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti kuhusu taarifa kuvuka mipaka. Mtumiaji hawezi kuyatimiza kama mwongozo haumwambii taarifa zinakwenda wapi.

Maji vijijini sasa yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Ofisa wa wilaya anayeamua fundi aende kijiji gani kwanza si lazima awe mtaalamu wa programu. Lakini yeye ndiye atakayejua mara moja kuwa Rungwe hakuna mahali penye kimo cha sifuri. Mwongozo ulioandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka utamwezesha kuuliza: wakala amesoma visanduku vipi, vya lini, na amekata wapi?

Swali hilo lisipoulizwa, bomba lililokauka linaweza kuhesabiwa zima, na wanakijiji wakaendelea kuchota mtoni.